Barua kwa Mama Baraka, kabla shemeji hajachukua fomu

South Portland, Maine
Jumapili usiku, 21 Desemba 2025

Mama Baraka mpendwa,

Hamjambo huko Lewiston? Watoto wameshafunga shule? Huku hatujambo, baridi tu ndiyo imetubana. Barua hii nampa yule kijana wa mitumba, anakuja kwenu Jumanne asubuhi. Ukiipata isome siku hiyohiyo. Usiiweke juu ya friji ukangoja Krismasi ipite, maana humu ndani kuna tarehe isiyomngoja mtu, nayo ni 1 Januari.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Nimefurahi mno kusikia wazee wamekaa na shemeji wakamwomba agombee. Ila mwanzo ulisema wanataka agombee umeya, katikati ukasema udiwani, na mwishoni ukasema ubunge wa jimbo. Hivyo ni vyeo vitatu, kila kimoja kina mlango wake na msimu wake. Na hilo neno la mwisho linawachanganya watu wetu kila siku. Sisi tuliokulia Kigoma, tukisikia mbunge wa jimbo tunamwona mtu anayekwenda Dodoma kutunga sheria za nchi nzima. Hapa jimbo ni Maine yote, na anayetajwa ni mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kule Augusta, makao makuu ya Maine, mmoja kati ya 151. Mtu wa Unguja ukimweleza ataelewa upesi, kwa kuwa kwao kuna Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, na kuna Bunge Dodoma. Augusta ni Chukwani ya hapa. Waambie wazee hivyohivyo.

Sasa swali lako: kwamba Deqa alikuwa meya, kwa nini akakubali kushushwa awe mjumbe tu? Dada, hakushushwa. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na ndipo shemeji naye atapotea asipoelezwa.

Deqa Dhalac alitoka Mogadishu, akaishi Atlanta, akapita hapo kwenu Lewiston kabla ya kuhamia huku South Portland. Desemba 2018 alishinda uchaguzi mdogo akaingia kwenye baraza la mji. Novemba 2021 madiwani wenzake wakamchagua kuwa meya kwa kauli moja, akaapishwa 6 Desemba. Magazeti ya nchi nzima yaliandika, maana anatajwa kuwa Msomali wa kwanza kuwa meya Marekani. Watu walishangilia hadi Minneapolis. Lakini tazama chini ya hilo joho. Baraza la South Portland lina madiwani 7. Meya anachaguliwa na hao 7 kutoka miongoni mwao, kama tunavyojua kwetu, na anakaa mwaka mmoja. Anaongoza kikao, anauwakilisha mji, na kura yake ni moja kati ya 7. Kazi za kila siku ziko kwa mkurugenzi wa mji, ambaye ni mwajiriwa, sawa na mkurugenzi wa halmashauri kule nyumbani. Hata dereva wa gari la kukwangua theluji haajiriwi na meya.

Kwa hiyo Deqa alikuwa na heshima kubwa na mwaka mmoja mkononi. Novemba 2022 akagombea Baraza la Wawakilishi akashinda, na tarehe 7 Desemba 2022 wajumbe wapya wakaapishwa Augusta. Ukihesabu ni mwaka na siku moja tangu aape kuwa meya. Siku hiyohiyo Mana Abdi wa hapo kwenu aliingia naye, na hao ndio Wasomali wa kwanza katika bunge la Maine. Mwaka 2024 Deqa akarudishwa tena.

Alichokifanya kule umekiona mwezi huu. Ule muswada namba 1971, unaozuia polisi wa miji na wa jimbo kufanya kazi ya maofisa wa uhamiaji wa serikali kuu, aliyeuwasilisha ni Deqa. Ulipita Juni. Gavana Mills hakuutia saini, wala hakuupiga kura ya turufu, aliukalia. Katiba ya Maine inamruhusu: bunge likishafunga kikao, muswada unaweza kukaa mezani kwake hadi siku 3 baada ya bunge lilelile kukutana tena. Sasa ametangaza ataacha uwe sheria bila saini yake. Meya wa mji mmoja, hata angekuwa na miaka kumi ya umeya, asingeweza kuwafunga mikono polisi wa miji mingine.

Wazee wakikwambia hizo ni siasa za Wasomali, wakumbushe Paul LePage. Huyo ni mtoto wa mitaa ya Lewiston, mkubwa wa watoto 18, alikulia kwenye Kifaransa kama nusu ya kanisa letu, na akiwa na miaka 11 alikimbia nyumbani. Chuo kilimwekea mtihani kwa Kifaransa kwa sababu Kiingereza chake hakikutosha. Akawa meya wa Waterville kuanzia 2004, mji mdogo tu, na mwaka 2010 akachaguliwa gavana, akakaa mihula miwili mpaka 2019. Siasa zake na zangu hazikutani, lakini njia yake isomeni vizuri. Aliokoteza sifa ya kubana matumizi ya mji, akaibeba hadi Augusta.

Na alipofika huko tulimsikia hata tuliokuwa hatujui jina lake. Unakumbuka 2014, foleni ya msaada wa mji kwa wasiojiweza, pale watu walipoanza kuambiwa huenda msaada ukakatika? Dirisha la msaada ni la mji, karani ni wa mji, na watu walikuwa wanamlaumu karani. Lakini jimbo ndilo linaloirudishia miji asilimia 70 ya fedha hizo, na serikali ya LePage ilisema mji utakaowapa watu wasio na hadhi ya kisheria hautarudishiwa. Mwaka 2015 bunge la jimbo ndilo lililopitisha kwamba mwomba hifadhi anaweza kusaidiwa hadi miezi 24. Ninataka shemeji alione hilo kabla hajachukua fomu yoyote: jambo lililomuudhi linaamuliwa wapi? Kama ni taa za barabarani, takataka na bajeti ya shule, hilo ni baraza la mji na kamati ya shule. Kama ni kanuni za msaada, ruzuku ya shule au leseni za manesi waliosomea nje, hiyo ni Augusta. Kama ni kibali cha kazi, zile siku 180 za kusubiri, hilo liko Washington, na meya hawezi wala mjumbe wa Augusta hawezi. Mgombea anayeahidi vibali vya kazi anawadanganya watu waliokwisha kuchoka.

Sasa tarehe. Uchaguzi wa mji wenu ni wa miaka ya witiri, na umetoka kufanyika mwezi uliopita, kwa hiyo umeya na udiwani vimelala hadi Novemba 2027. Kilicho wazi ni Baraza la Wawakilishi, kura yake ni 3 Novemba 2026, na kura ya mchujo wa vyama ni 9 Juni. Akitaka hiki, mambo ni haya.

Kwanza uraia, na hapa usinijibu kwa kukisia. Katiba inataka mjumbe awe raia wa Marekani kwa miaka 5 siku muhula unapoanza, yaani Jumatano ya kwanza ya Desemba. Safari hii ni 2 Desemba 2026. Kwa hiyo kiapo chake cha uraia kiwe kimefanyika si baada ya 2 Desemba 2021. Tarehe ya kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, haihusiki, wala tarehe ya kuwasili, wala ya pasipoti. Fungua ile bahasha ya kahawia aliyomwekea mama yake, usome hati yenyewe. Nakumbuka sherehe yake ilikuwa wakati bado tunavaa barakoa, lakini barakoa tulizivaa muda mrefu, na mwezi mmoja tu unaweza kuharibu yote. Mengine ni mepesi: umri miaka 21, awe ameishi Maine mwaka mmoja, na ndani ya wilaya ya uchaguzi miezi 3 kabla ya kura, na aendelee kukaa humo. Zile habari za kuhama nyumba mwakani mzizungumze sasa.

Pili chama. Kama anataka kupitia chama, ahakikishe jina lake limeandikwa kwenye chama hicho kabla ya 1 Januari. Asiende kubadili chama Januari halafu akagombee Machi, sheria inamzuia. Ofisi ya karani ni pale City Hall ya Pine Street, aende mwenyewe Jumatano hii au Jumatatu inayofuata, aulize: jina langu liko chama gani? Wengi wetu siku tulipojiandikisha kupiga kura tuliweka alama kwenye kisanduku cha kutokuwa na chama bila kujua, kwa sababu tulikuwa tumeambiwa siasa ni hatari.

Tatu saini, na hapa naomba uvumilivu wako kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoangukia. Fomu zinaanza kuzungushwa 1 Januari na zinapokelewa kwa Katibu wa Jimbo hadi 15 Machi saa 11 jioni. Mwakani 15 Machi ni Jumapili. Msibishane kama itasogezwa, pelekeni Ijumaa tarehe 13 au kabla. Na kabla ya kufika huko karani wa mji lazima ahakiki kila jina, naye anahitaji siku zake, kwa hiyo lengo lenu liwe mwisho wa Februari. Idadi ni ndogo: saini zisizopungua 25 na zisizozidi 40. Utasema ishirini na tano ni kwaya tu. Hapana, dada. Anayetia saini lazima awe amejiandikisha kupiga kura, akae ndani ya wilaya ileile, na awe kwenye chama kilekile cha mgombea. Kwaya ina watu wa Auburn, wana wilaya yao. Ina watu wasio na chama. Ina watu wa kadi ya kijani. Ukiwachuja hao wote utabaki na watu tisa. Kusanyeni 38 ili karani akikata kumi mbaki salama.

Na ile fomu isiachwe kaunta. Najua mtakavyowaza: tuiweke dukani, karibu na mizani, kila anayenunua unga wa muhogo atie saini. Mwenye kuzungusha fomu anakula kiapo mbele ya mthibitishaji wa umma kwamba kila saini iliwekwa mbele ya macho yake. Fomu ikilala kaunta hakuna aliyeshuhudia, na akiapa ameapa uongo. Ukurasa mzima unaweza kutupwa, na jina la mgombea likachafuka hata kabla hajaanza. Kiapo nacho kinaliwa baada ya saini ya mwisho ya ukurasa ule, si kabla. Sehemu ya juu ijazwe kwanza: jina, cheo, chama, namba ya wilaya. Kalamu iwe wino mweusi au wa bluu, jina liandikwe pia kwa herufi za kuchapa, na anwani iwe ya nyumba anayoishi.

Watu wa kadi ya kijani na waomba hifadhi, tafadhali, tafadhali, wasitie saini na wasijiandikishe. Hata wakiombwa na mchungaji. Mtu asiye raia akijifanya mpiga kura anaweza kupoteza makaratasi yake yote na kufukuzwa nchini, na wala hatasikilizwa akisema alitaka kusaidia. Lakini wasikae pembeni! Wanaruhusiwa kugonga milango kwa kujitolea bila malipo, kupika, kuendesha gari, kutafsiri. Na bunge likianza, kila muswada wa Maine unapata kikao cha wazi cha kusikiliza watu, na hapo yeyote anaweza kusimama akasema, raia au si raia. Kwa kawaida ni dakika 3.

Nne fedha. Usiende kuchangisha kanisani bado. Maine ina mfuko wa umma wa uchaguzi safi. Mgombea wa Baraza anajisajili na Tume ya Maadili ya Augusta, kisha anatafuta wapiga kura 60 wa wilaya yake, kila mmoja atoe dola 5, na hizo dola zinakwenda kwenye mfuko, haziingii mfukoni mwake. Mwisho ni 20 Aprili. Akifikisha, jimbo linampa fedha za kampeni na hapokei tena michango ya watu. Kabla ya hapo anaruhusiwa fedha kidogo za kuanzia, kila mtu si zaidi ya dola 100. Kosa linalojirudia ni mtu mwenye moyo mzuri kutoa noti ya mia na kusema hii ni ya watu ishirini. Haifai! Kila tano itoke kwa mwenyewe, kwa jina lake na saini yake. Nani mwenye daftari safi hapo kwenu? Nadhani unajua ninayemfikiria, yule wa upatu, hajawahi kukosea hata shilingi.

Ila ngoja, nirudi kwa Deqa, sijamaliza. Ulisema shemeji anataka kuanza juu kwa sababu udiwani ni mdogo. Deqa alikaa udiwani miaka mitatu kabla ya umeya. Alikuwa ameshagonga milango ileile kwa kiti cha mji kabla ya kuigonga kwa kiti cha jimbo. Wilaya moja ya Baraza ina watu kama 9,000 hivi, si wengi. Ukitoa watoto na wasiojiandikisha, ni idadi ambayo mtu mwenye viatu vizuri anaweza kuimaliza kati ya Mei na Oktoba, akitoka kila saa kumi na mbili jioni, watu wametoka kazini. Wala simkatazi kuanza na Augusta. Kamati ya shule au bodi ya maktaba si lazima vitangulie. Ninachosema ni kwamba milango haiepukiki, na ya Wazungu wazee ndiyo mingi. Kifaransa chake kitamfungulia zaidi ya anavyodhani, hapo Lewiston bado kuna mabibi wanaokisema jikoni.

Na ajue kazi yenyewe ilivyo. Muhula ni miaka 2, na anaweza kurudi mpaka mihula 4 mfululizo. Mwaka wa kwanza kikao kinakwenda hadi katikati ya Juni, wa pili kuanzia Januari hadi katikati ya Aprili. Posho si ya kulisha nyumba, wengi wana kazi nyingine. Muswada wenye gharama, hata ukishapita kwenye kura, unawekwa kwenye meza ya matumizi kusubiri fedha, na siku za mwisho za kikao kamati ya fedha inachagua michache. Iliyobaki inakufa hapohapo mezani, kimya, bila mtu kuipigia kura ya hapana. Mjumbe mpya hurudi nyumbani akiwaambia watu muswada umepita, halafu Julai anaulizwa uko wapi. Afadhali ajifunze mapema kusema umepita hatua gani.

Jambo moja linaninyima usingizi. LePage alishinda 2010 kwa asilimia 37.6, kwa sababu waliobaki waligawana kura. Baadaye Maine ikapitisha kura ya kupanga wagombea kwa namba, lakini kwa viti vya jimbo inatumika kwenye mchujo tu. Novemba anayeongoza ndiye mshindi, basi. Sasa nasikia yule bwana wa kampuni ya usafi naye anajipima, bila chama. Wakisimama wawili wa kwetu katika wilaya moja… wewe unajua nitakalosema. Wakae, wazungumze kabla ya Februari.

Nijibu haya, dada, hata kwa ujumbe mfupi: hati yake ya uraia inasema tarehe gani, siku, mwezi na mwaka? Jina lake liko chama gani? Nyumba yake iko wilaya namba ngapi, na je, si wilaya ya Mana Abdi? Maana kama ni hiyo, mazungumzo ni mengine kabisa, na aanze kwa kumpigia Mana simu. Ni jambo gani hasa linalomuudhi, lile analolirudia bila kuulizwa? Zamu yake kiwandani inaweza kuhamia usiku kuanzia Januari ya 2027? Mkewe amesemaje, na amesema mbele ya wazee au jikoni? Na mzee wa Auburn amepona mguu?

Msalimie kila mtu. Kijana wa mitumba analala kwenu siku mbili, mpe majibu arudi nayo Alhamisi.

Wako,
Mama Zawadi

N.B. Mwambie mzee wa kwaya asimtilie mkewe saini. Najua anamtilia kila karatasi tangu waoane, lakini hii atie mama mwenyewe, kwa mkono wake.